Chupa Iliyotiwa Ugoro

Nimestaafu nikiwa na meno yangu yote na magoti yasiyolia. Barua haikusema nastaafu, ilisema napunguzwa, kwamba watumishi wamezidi na mimi nimo katika waliozidi. Ila wenzangu wa zahanati walinichinjia kuku, wakanifunga kanga mabegani, wakasema, "Mstaafu wetu, sasa lala mpaka jua likuchome." Basi jina nimelipokea. Nina miaka thelathini na minne. Wastaafu wengine huandika kumbukumbu zao wakati nusu wameshaisahau. Mimi sijasahau kitu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nawaandikia ninyi mnaobaki, hasa ninyi wasichana wawili mlioletwa mwaka huu na viatu vyenu vya kung'aa. Sitawaeleza nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo mtayasikia tu, watu wanayapenda. Nitawaeleza habari ya mkojo. Mnaweza kucheka sasa, mmalize.

Zahanati niliikuta upande huu wa Nduguti, siku hizo Nduguti yenyewe kijiji tu. Nilikuja na darasa la saba, mafunzo ya mwaka mmoja na nusu ya afya ya mama na mtoto, na ndoto kubwa kuliko sanduku langu. Nilishajiona nimevaa kofia nyeupe napita wodini kwenye hospitali ya mjini, watu wanaulizana, Sista Yunis yuko wapi, mwiteni Sista Yunis. Aliyenipokea alikuwa Mama Yakobo, muuguzi wa zamani, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanaume. Aliniangalia miguuni kabla ya usoni.

"Hivyo viatu ni vya harusi au vya kazi?"

"Vya kazi, mama."

"Vivue. Chukua kopo lile, nenda kwa yule mama mjamzito pale kwenye benchi umwombe mkojo. Umwombe kwa heshima. Siyo kama unaomba maji ya kunywa."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nikaenda peku, nikaomba mkojo kwa heshima, na mama wa watu akanipa huku anacheka, maana nilimpigia na goti.

Mama Yakobo alipima kwa moto. Unamimina mkojo kwenye tyubu ya kioo mpaka robo tatu, unaishika shingoni kwa kibanio cha mti, unapasha mkojo wa juu tu, kwenye taa ya spiriti. Ukiona ukungu unadondosha matone mawili matatu ya asidi. Ukungu ukiondoka, ni chumvichumvi za mkojo, haina neno. Ukibaki, ukazidi kuwa mweupe, hapo umepata protini.

"Yai likichemka linakuwaje?" aliniuliza.

"Linaganda. Linakuwa jeupe."

"Haya. Huyu mama yai lake linavujia kwenye mkojo. Akikaa nyumbani na hali hiyo ataanguka kifafa cha mimba, yeye na mtoto. Ukiona yai, usimpe ushauri, usimpe vidonge vya damu ukamwambia Mungu ni mkubwa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo."

Sukari nayo ilikuwa na dawa yake ya bluu. Matone manane ya mkojo, unachemsha, bluu inageuka kijani, kisha njano, ikizidi inakuwa rangi ya tofali. Na akishamaliza kusoma, Mama Yakobo alikuwa na ushahidi wake wa pili. Alikwenda nyuma ya jengo, akamwaga kidogo karibu na njia ya sisimizi, akaendelea na kazi zake. Akirudi akikuta sisimizi wamejaa pale, alitikisa kichwa. "Hawa hawajasoma," alisema, "lakini sukari hawaikosei."

Nilijiunguza vidole, nilitoboa gauni la kazi mahali pawili, nilivunja tyubu mpaka nikaambiwa ya kesho nitainunua kwa mahari yangu. Lakini nilijua kupima. Mkojo ukiganda mbele ya macho yako hauhitaji kubishana na mtu.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Ninyi mmekulia humo hamuoni ajabu. Sisi tulitoka kupanga foleni ya sukari na sabuni, tukaamka siku moja maduka yana kila kitu, mitumba imetandazwa mnadani, mtu yeyote mwenye gari analeta bidhaa yoyote. Na dawa vilevile. Zamani zilitoka mahali pamoja, zikichelewa zote zilichelewa. Sasa zililetwa na huyu, mara na yule, boksi la leo halifanani na la jana. Katika mambo hayo mapya ndipo vikaja vijiti.

Mnavijua. Kijiti chembamba cha plastiki, cheupe, kirefu kama kidole, na mwishoni vipande viwili vya karatasi ya njano. Unachovya, unakung'uta, unasubiri dakika moja, unaangalia rangi. Hakuna moto, hakuna asidi, hakuna gauni kutoboka. Chupa yake ilikuwa imechorwa ubavuni miraba ya rangi, kutoka njano mpaka kijani kibichi, ili ulinganishe. Kipande cha karibu na vidole kilikuwa cha protini. Kile cha nchani, sukari. Vyote viwili vilianza njano na vyote vilielekea kijani. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Saa ya ukutani haikuwepo. Mimi nilihesabu dakika kwa beti mbili za wimbo wa kwaya, polepole. Akina mama walizizoea, wengine waliitikia. Niseme kweli, nilivipenda vile vijiti. Niliona ndio mlango wa ndoto yangu, kwamba dunia imetukumbuka, kesho italetwa na mashine.

Mama Yakobo alikuwa anamaliza utumishi wake mwaka huohuo. Alikigeuza kijiti akakitazama pande zote.

"Kizuri," alisema. "Ila chenyewe hakisemi kitu. Anayesema ni chupa. Chupa na vijiti vyake visiachane, Yunis, umenisikia?"

"Nimesikia mama."

Akafunga taa yake ya spiriti na tyubu tatu zilizobaki ndani ya kanga kuukuu, akaziweka kabati la chini, akapanda lori kurudi kwao Misigiri. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaimba beti zangu.

Sasa mganga wetu mfawidhi. Jina lake siliandiki, watoto wake wanasoma shule hapahapa. Tulimwita Daktari kama watu wote walivyomwita. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hasira yangu ingepata mahali pa kukaa. Alikuwa mchangamfu, anapenda wazazi wake, na baba yake mzazi alikuwa mtumiaji wa ugoro. Mkebe wa mzee ulikuwa umepasuka, ugoro unaingia hewa unakosa ukali. Siku moja Daktari akaichukua ile chupa ya vijiti, akaizungusha mkononi, akafungua kifuniko, akakifunga. Kilitoa ule mlio wake.

"Kinakaza hiki," alisema. "Mzee angefurahi. Tatizo hizi rangi."

Na nani alijibu? Mimi. Kidomodomo changu.

"Mpe mzee, Daktari. Rangi nitazichora."

"Unaweza?"

"Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa kuchora."

Niliazima penseli za rangi kwa mwalimu wa darasa la pili, nikachora kwenye karatasi ngumu. Kijiti kikubwa, kipande cha karibu na vidole nikakiandika PROTINI, cha nchani SUKARI, na miraba yote na viwango vyake. Pembeni nikaongeza maua, sijui kwa nini. Ikapendeza. Mgeni aliyetutembelea kutoka kituo kikubwa aliisifia mbele ya watu. Nikaibandika ukutani juu ya meza ya kupimia, vijiti tukavitia kwenye bahasha, na chupa ikaenda kwa mzee na ugoro wake. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Daktari akipewa vijiti kituo kikubwa, chupa inashukia kwa baba yake njiani, mimi napokea bahasha.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyelala kazini. Tulipendana sana na wazee wetu, basi.

Msimu mmoja ikaja bahasha ya vijiti vya mwagizaji mwingine. Plastiki nyeupe ileile, vipande viwili, njano ileile. Ungeviweka pamoja ungesema ni mapacha. Nikachovya, nikaimba, nikasoma ukutani. Na ghafla akina mama wa huku wakawa na sukari. Protini ikatoweka kabisa, hakuna, hakuna, hakuna, wiki hadi wiki. Sukari, huyu kiwango cha moja, yule moja, mwingine mbili.

Nilimwuliza Daktari. Alicheka.

"Sasa unashangaa nini? Zamani sukari ilikuwa ya foleni, mtu anaramba kwa kijiko. Leo imejaa dukani, soda zimejaa, wanakunywa chai kama asali. Soko limefunguliwa, Yunis, na figo nazo zinapata habari."

Ilikuwa na akili, mnaona? Ingekuwa ujinga mtupu ningeukataa. Lakini ilikuwa na akili. Nikawaambia akina mama wapunguze sukari. Tena niliwatania, nikawaita matajiri wapya.

Jambo moja liliniwasha. Nilikuwa bado namwaga mkojo nyuma ya jengo, karibu na njia ileile ya sisimizi. Hawakuja. Sukari moja, hawakuja. Sukari mbili, walipita pembeni na mizigo yao. Nikasema moyoni labda na wao wameshiba siku hizi. Nikacheka peke yangu, nikaingia ndani. Kicheko hicho nakisikia mpaka leo.

Rehema alikuwa na mimba yake ya kwanza. Aliolewa katika nyumba ya mfuga nyuki, mzee mwenye mizinga mingi porini, na mume wake Daudi alimsaidia baba yake kurina. Nyumba nzima ilinukia nta. Mama mkwe wake, Mama Daudi, alimsindikiza kliniki kila mara, anatembea mbele, Rehema nyuma na kopo lake amelifunika kwa kitambaa kisafi. Hakukosa siku hata moja. Nasema tena, hakukosa siku hata moja. Kadi yake niliijaza mimi kwa mkono wangu.

Safari ya nne kipande cha nchani kikawa kijani.

"Rehema, una sukari mbili," nilisema. "Nyumbani kwenu nyuki ni wengi, nimeelewa. Asali uiache kabisa, na chai unywe kavu."

"Nimeacha, nesi. Tangu ile mara uliponiambia."

Mama Daudi akaguna. "Ameacha mbele yetu. Ndoo ziko chumba cha nyuma, nani analala nazo?"

"Mama, kweli sijaonja."

"Nesi, mwulize mkojo wake, usimwulize mdomo wake."

Tukacheka, mimi na Mama Daudi. Rehema hakucheka. Alikuwa na vidole vimejaa, pete imezama. Mashine ya presha hatukuwa nayo, mpira wake ulitoboka ikapelekwa kutengenezwa, na nadhani bado inatengenezwa. Kuvimba ni kwa kila mjamzito anayelima. Jicho letu pekee lilikuwa kile kijiti, na jicho nilishalichora mimi, na maua.

Safari ya tano alikuja uso umeumuka, anasema kichwa kinamgonga na anaona kama vimulimuli mchana. Nilichovya. Kijani kilikuja kabla sijamaliza ubeti wa kwanza, kijani cha jani la mgomba. Sukari tatu. Nilimwangalia Mama Daudi, Mama Daudi akamwangalia mkwewe.

"Haya, unaona mwenyewe," mama mkwe alisema. "Utamuua mtoto kwa ulafi."

Na mimi, Sista Yunis wa ndoto zangu, nilichukua kalamu. Nikaandika kwenye kadi: protini hakuna, sukari tatu, ameshauriwa.

Mchana uleule wakamrudisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa anapepeta mtama uani akaanguka, akakakamaa, akatokwa povu. Alianguka tena mbele yetu, kwenye sakafu ya zahanati. Sikuhitaji kijiti. Kila mtu aliyefundishwa na Mama Yakobo anajua ile sura. Daktari alimchoma sindano, tukasimamisha lori la mnunuzi wa alizeti, tukamlaza juu ya magunia, Daktari akapanda naye. Lori likaondoka. Mimi nikabaki nimeshika kitambaa chake cha kufunikia kopo.

Nikaingia chumba cha kupimia. Kopo lake lilikuwa bado mezani na mkojo wa asubuhi. Nikatoka nalo nyuma, nikamwaga kidogo kwenye njia ya sisimizi, nikachuchumaa. Walifika ukingoni, wakapinda, wakaendelea na safari zao.

Nikarudi ndani, nikafungua kabati la chini, nikafungua ile kanga. Taa ilikuwa na vumbi. Spiriti nilichota ya vidonda. Nikamimina mkojo uliobaki, nikashika tyubu shingoni, nikapasha juu. Uliganda. Si ukungu, uliganda mpaka nilipoinamisha tyubu haukumwagika. Yai, yai tupu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa baba yake Daktari. Nilimkuta nje anaota jua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nusa kidogo ufungue kichwa."

Alininyooshea chupa. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaigeuza ubavu. Miraba ya rangi ilikuwa bado imeng'aa, na juu yake picha ndogo ya kijiti. Sukari ilikuwa karibu na vidole. Protini, nchani, kinyume cha karatasi yangu.

"Baba, ile chupa ya kwanza unayo?"

"Ile tumetilia chumvi. Hii mpya ndiyo inakaza zaidi."

Akamwita bibi akailete. Nikaziweka chupa mbili pamoja juu ya kigoda, ya ugoro na ya chumvi. Chupa zote mbili zilikuwa zinasema, kila moja kwa sauti yake, kwa mtu yeyote aliyetaka kusoma. Msimu mzima zilimsemea mzee ambaye hakujua kusoma, huku mimi naisomea karatasi ya maua. Nilipiga chafya na machozi yakatoka. Mzee akafurahi, akasema ugoro mzuri.

Rehema aliokoka. Mtoto alizaliwa hospitali akiwa amekufa, wa kiume.

Daktari aliporudi nilimwekea zile chupa mezani. Alizigeuza moja moja. Alikaa. Kisha akavuta karatasi ya taarifa akaandika, akanigeuzia niweke sahihi. Ilisema mama alikuwa na sukari, hakufuata ushauri, alichelewa kuletwa.

"Hakuchelewa, Daktari. Alikuwa hapa asubuhi ileile. Alikuwa amekaa hapo."

"Yunis, mdogo wangu. Nikiandika habari za rangi wataniuliza nani alichora. Nitasema nini?"

"Sema mimi."

"Una darasa la saba. Watakutoa kesho. Nakulinda."

Nikaweka sahihi. Hapa ndipo hasira yangu yote inapolala, si kwa Daktari, si kwa mzee, si kwa mfanyabiashara aliyeleta vijiti vya aina nyingine bila kumwambia mtu. Nililindwa kwa jina la mwanamke aliyekuwa bado amelala hospitali hajui amezaa nini. Na sahihi yangu ilikaa vizuri kwenye mstari. Ingepinda kidogo ningejisamehe.

Karatasi ya ukutani niliichana siku hiyo. Mzee nilimtafutia mkebe wa bati wenye kifuniko, akanung'unika mwezi mzima. Tangu hapo hakuna chupa iliyotoka zahanati yetu mpaka kijiti cha mwisho kiishe, na bahasha mpya ikija bila chupa niliirudisha. Kila mara kijiti kilipobadilika rangi, nilichemsha na kuangalia. Daktari hakunizuia. Mengi mnayonisifia yalianzia hapo, kwa hiyo msinisifu sana.

Baada ya mwaka hivi nilikutana na Rehema mnadani, anauza vitunguu. Alikuwa amekonda. Alisimama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nesi, nisamehe," alisema. "Ulinihangaikia sana, na mimi nikachelewa."

Na mimi nilimjibuje? Nimeamua kusema yote. Nilimwambia, "Basi, yameshapita. Siku nyingine uwahi."

Siku nyingine uwahi. Nikanunua vitunguu vyake nikaondoka.

Nilisikia baadaye wanavyoishi. Mama Daudi alishawaambia watu kisimani kwamba mkwewe alikula asali kwa siri akamuua mjukuu. Taarifa ya Daktari ilimpa nguvu. Chumba cha nyuma kilifungwa kufuli kwa ajili yake. Daudi hakumfukuza, alikuwa haongei naye tu.

Barua ya kupunguzwa ilipokuja, wenzangu walinionea huruma. Mimi nilihisi kitu kimoja: sasa hakuna kazi ya kunitoa. Kuku tulimla Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilitia kwenye kapu zile chupa mbili tupu, taa ya spiriti na tyubu, nikatembea mpaka nyumbani kwa mfuga nyuki.

Rehema alikuwa uani anaanika ufuta. Alitaka kuleta kigoda, nikamwambia nitasimama. Nikamweleza. Chupa hii, chupa ile. Karatasi niliyochora. Kwamba haikuwa sukari, haikuwahi kuwa sukari. Kwamba hakuchelewa, aliwahi mara tano, na mara ya tano aliwahi akiwa na dalili zote usoni, na mimi nilimrudisha nyumbani. Kwamba nilitia sahihi.

Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Kwa hiyo asali haikuwa na neno?"

"Haikuwa na neno. Hata ungeila."

"Sikuila."

"Najua hukuila."

Akazishika chupa, akazigeuza, akanirudishia. Kisha akageukia nyumba, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama! Njoo hapa usikie."

Mama Daudi akatoka anajifuta mikono. Nikamwamkia. Aliitikia, akaona chupa, akaona uso wa mkwewe, akasimama palepale mlangoni.

"Rudia," Rehema aliniambia. "Mwambie na yeye. Na useme kwa Kinyiramba, asije akasema Kiswahili kilimpita."

Kinyiramba hakina neno la protini. Nikawasha taa pale uani, nikaomba yai, nikalivunja, nikachanganya ute na maji kwenye tyubu nikaupasha mpaka ukaganda, nikasema, hiki ndicho kilikuwa kwenye mkojo wa mkweo, na mimi nilikuambia ni asali. Mama Daudi alitazama ile tyubu.

"Ni wewe uliniambia," alisema taratibu. "Mimi niliyatoa kwako."

"Ni mimi."

"Nimeyasema kisimani. Nimeyasema kanisani."

"Yalitoka kwangu, mama."

Alikaa chini kwenye kizingiti. Rehema hakumtazama. Alikuwa anatazama njiani, ambako mzee na Daudi walikuwa wanakuja na ndoo mabegani, wamefunikwa moshi. Alisubiri mpaka walipotua ndoo, mpaka walipomaliza kunisalimia. Kisha akanisogezea chupa karibu na mguu wangu.

"Rudia," alisema. "Hawa hawajasikia."

Nikarudia. Na ninyi sasa mmesikia, hii ni mara ya nne.